Mume wa Kuazima

Kwenye kliniki ya wajawazito pale Bwera, kila mwanamke aliyekuja na mume wake alipimwa kwanza. Mimi nilivuka mpaka kutoka Congo peke yangu, mume wangu alibaki Butembo, basi kila mara nilikaa benchi mpaka mkunga achoke, na safari iliyopita nilirudi bila kupimwa. Siku hiyo mbele yangu alikaa mama mmoja Mkonjo, mwenyeji wa pale, mume wake amemshikia mkoba huku akimpepea na kofia. Nilimwonea wivu. Nilitamani hata ile kofia.

Walipotoka kupimwa, yule mama akanitazama. "Dada, wako iko wapi?"

"Iko Congo, mama."

"Basi chukua huyu. Lakini unirudishie!"

Benchi nzima ikacheka. Yule bwana akaingia nami, kichwa chini.

Mkunga akamkodolea macho. "Wewe tena? Una wake wangapi?"

"Huyu ni wa kuazima, sista."

Mkunga akacheka, akaniambia nipande kitandani. Mtoto alikuwa mzima, moyo unapiga mbio, nikafurahi karibu nilie. Halafu nikasikia sauti ya mkewe nje, "Baba, twende nyumbani," na yule bwana akatoka haraka, na mimi nikamwonea yule mama wivu kuliko mwanzo.