Pikapu ya Consolatha

Mimi Humaid sina tabia ya kusingizia magari. Miaka thelathini na minne natengeneza umeme wa magari hapa Ipuli, na mtu akiniambia gari lake limerogwa, namfukuza. Lakini mwaka huu nimesema uongo wa siku tano, na bora niuseme mwenyewe.

Consolatha alikuja Jumanne, pikapu yake ikivutwa kwa kamba. Ni mjane, mfugaji nyuki wa Ulyankulu, na mdomo wake hauna breki. Mafundi wawili walishambadilishia plagi na pampu ya mafuta, bado injini inamisi, inakatakata mlio, na kuzima ikipata moto.

"Fundi, Jumapili lazima niwe Kaliua," akasema. "Mjukuu wangu Stela anapata kipaimara, na msimamizi wake ni mimi. Nimemwahidi tangu ana miaka mitano."

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaleta makosa kumi na moja, kila sensa, vile vidude vya kupima hali ya injini, inalalamika. Fundi wa pupa angekimbilia kununua sensa. Mimi nikashika mita, nikapima umeme unaotoka kwenye kontrol boksi, lile linaloiamuru injini. Zilitakiwa volti tano. Zikawa zinapanda na kushuka ovyo. Nikachomoa sensa moja moja, bado. Basi mbovu ni boksi lenyewe. Nikalifungua, Consolatha kaenda dukani. Lahaula! Asali! Ndoo yake hukaa kwenye kiti cha mbele kama bi harusi. Ilivuja hadi kwenye boksi chini ya kiti, sisimizi wakaufuata utamu, wakafia humo kwa mamia.

Boksi la namna ile nilikuwa nalo kabatini, namba zilezile, nililitoa kwenye gari lililopinduka. Kazi ya saa moja. Consolatha aliporudi nikamwambia, "Kontrol boksi limekufa. Nimeagiza jingine Dar. Kesho."

Kwa nini? Mke wangu Khole ana mwaka wa tatu kaburini. Binti yetu Ibtisam yuko Maskati, ananitumia picha za wajukuu wasiojua Kiswahili. Nyumba ina vyumba vinne na redio. Na huyu mwanamke aliketi kwenye benchi langu, akamenya karanga, akaionja chai yangu akasema, "Fundi, haya si maji ya kuoshea vikombe?" Nikacheka mpaka nikaona haya. Upweke unatia wazimu jamani, nisiwafiche.

Jumatano nikasema kesho. Alhamisi, kesho. Alikuwa amefikia kwa binamu yake mtaa wa pili, anakuja asubuhi, anaondoka jioni. Ijumaa nilitoka msikitini mbio, mtu mzima mimi, maana aliahidi kuleta viazi. Jumamosi akauliza, "Kuna basi saa nane. Nipande?"

"Basi la nini?" nikamjibu. "Alfajiri nakukabidhi gari lako."

Na kweli nilikusudia. Alfajiri ya Jumapili nikachomoa soketi ya waya nifunge lile boksi la kabatini. Asali ilikuwa imeingia na humo, meno ya ndani yameliwa na kutu ya kijani. Mawili yakakatika. Jumanne nilikuwa nimeuona ule uchafu, nikaichomeka hivyohivyo kwa kuwa sikuwa na haraka. Mjinga mimi! Ikabidi nilehemu waya mmoja mmoja, na huku Consolatha amekaa na kitenge chake kipya, zawadi ya Stela mapajani.

Gari liliwaka saa saba mchana. Simu ilikuwa imeshapigwa kutoka Kaliua: misa imekwisha, mtoto amesimamiwa na mwalimu wake wa dini, analia.

"Si kosa lako, fundi," Consolatha akasema. "Umehangaika tangu Jumanne."

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, boksi la kabatini, Dar ya uongo, na kesho zangu zote. "Nilitaka ukae," nikasema.

Akainuka na zawadi ya Stela. "Ungeniomba nikae, ningekaa," akasema. "Ningekwenda Kaliua, nikarudi."

Akapanda gari, akaondoka.

Siku hizi kila Alhamisi analeta asali sokoni, na barabara yake ni hii ya mbele yangu. Naijua pikapu kwa mlio kabla sijaiona. Haimisi hata kidogo. Inapita.