Binti yangu tulisema "hasikii" mwaka mzima, kumbe ni masikio kweli: uzoefu wangu wa operesheni ya mirija

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia la tano, nikaanza kusukuma toroli la maji, leo nina kiwanda cha tofali hapa Visiga, nyumba mbili na Noah. Nimetapeliwa, nimeibiwa mixer mchana kweupe, nimeona yote. Ndivyo nilivyokuwa najidanganya.

Ninayoandika hapa hayana chumvi. Mke wangu naye yumo humu jukwaani, nikiongeza ataniumbua.

Nina binti wa miaka mitano, tumwite Zuhura. Sifa yake ilikuwa moja: hasikii.

Mwalimu wa chekechea aliniita. "Baba Zuhura, mwanao hasikii. Namwita, ananiangalia kama anaangalia TV. Akiendelea hivi darasa la kwanza simpandishi."

Majirani nao, hasikii. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nafurahi, maana hata mimi utotoni nilikuwa sisikii, na mnaona nilipofika.

Dawa yangu ilikuwa kupaza sauti. Sauti ninayo, mtu wa mashine ya tofali hawezi kuongea kama mtangazaji wa redio. Nikifoka anakuja. Nikajua basi, huyu anataka kufokewa.

Sasa siku moja fuso la mchanga linarudi nyuma pale kiwandani. Zuhura amechuchumaa nyuma yake anachora chini na kijiti. Tandiboi anapiga bodi, dereva akashika honi ile ndefu.

Mtoto hata kichwa hakugeuza.

Mke wangu ndiye aliyeruka akamvuta mkono. Mimi nilikuwa nimesimama tu na kalamu sikioni.

Nikakaa juu ya tofali mbichi, nikaliharibu. Mtoto kumkaidi baba yake naelewa. Lakini mtoto wa kukaidi honi ya fuso sijawahi kumuona.

Mke wangu akaniambia, "Kila siku nakwambia huyu mtoto hasikii."

"Si na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo?"

"Wewe ulikuwa unasema la kwako."

Tukaenda hospitali Kibaha, wakatuandikia rufaa kwa daktari wa masikio Dar. Nikakuta dokta mwenyewe binti mdogo tu, ila ana adabu.

"Mtoto ana shida gani, baba?"

"Hasikii."

"Hasikii masikio, au hasikii mkaidi?"

Nikamwambia, "Dokta, hapo hapo ndipo tulipopotelea."

Akacheka. Akamvalisha Zuhura headphone, akamwambia akisikia mlio anyooshe kidole. Milio ya chini yote ikapita, mtoto katulia anachezea kitufe cha gauni.

Dokta akatueleza. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba cha hewa. Cha mwanangu kilijaa majimaji mazito kama gundi. Kwa hiyo alikuwa anasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa. Tukafuatilia miezi kadhaa, majimaji hayaondoki. Ndipo akasema atatoboa kitundu kwenye ngoma, ayavute, aweke kimrija kidogo kama punje ya mchele ili hewa ipite.

Wakuu, kutoboa ngoma ya sikio. Ya mtoto. Kwa nusu kaputi.

Sikuogopa. Nilikuwa napima tu urefu wa korido ya ile hospitali kwa hatua, mpaka mlinzi akaniambia, "Mzee kaa, unatutia kizunguzungu."

Sijamaliza hata chai, wakaniita. Imekwisha. Akaamka analia, akatapika kidogo, akaomba juisi. Jioni tukaruhusiwa.

Hapa ndipo niliposhangaa. Tuko kwenye Noah, nataka kukata kona, Zuhura akaziba masikio.

"Baba, zima."

"Nizime nini?"

"Hiyo. Tiki, tiki, tiki."

Indiketa. Gari amepanda tangu hajajua kutembea, hakuwahi kuisikia indiketa. Nikapaki pembeni. Mke wangu anasema nililia. Mimi nasema jua lilikuwa usoni.

Kwenye kupona mambo hayakuwa mengi. Matone ya dawa siku chache. Kuoga, unaweka pamba yenye mafuta ya mgando masikioni. Kupiga mbizi hakuna mpaka dokta aruhusu. Ukiona usaha au damu, rudi. Mirija yenyewe huwa inadondoka baadaye bila kuvutwa.

Mtihani ulikuwa kwa mama yangu, Masaki. Masaki ya Kisarawe jamani, siyo ile ya ghorofa. Nimegeuka kupokea simu, nakuta bibi kamlaza mjukuu mapajani, kijiko cha mafuta ya nazi ya uvuguvugu mkononi.

"Mama, hapana!"

"Hapana nini? Wewe nilikutia haya haya."

"Mama, sasa hivi mna tundu mle. Yataenda mpaka ndani."

Akakitazama kijiko, akajipaka miguuni. "Haya. Ila usinifokee, mtoto anasikia."

Mwalimu kaniambia Zuhura sasa anajibu hata asichoulizwa, na darasa la kwanza anapanda. Nyumbani nimeshushiwa sauti. Nikisahau nikafoka naambiwa, "Baba, mbona unagomba?"

Funzo langu ni dogo. Ukisema mtoto wako hasikii, kwanza simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, mpeleke kwa daktari kabla hujamchapa.

Waliopitia hii mirija tupeni uzoefu, hasa ya kwenu ilikaa muda gani, na kama ilibidi kurudia.

Na najua mtauliza bei. Bima sikuwa nayo. Vipimo, operesheni, dawa, mafuta ya Noah na juisi yake, nimelipa mkononi bila kukopa mtu: shilingi 1,286,500.