Mkoba wa Mama Katikati ya Benchi

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu yenyewe nimeshaibeba vya kutosha. Ilikuwa siku ya kutetea kazi yangu ya masta ya hisabati, na ukoo mzima ulitoka mtaa wa Ngagara, wanawake wamevaa imvutano, zile nguo za sherehe za kufungwa begani (kwetu mtu hatetei masomo bila mashangazi, na Fanta zilishaagizwa), na juri, yaani walimu wa kunipima, walishanirudisha mara moja, kwa hiyo nikianguka tena ndiyo basi. Asubuhi Mama aliniuliza, "Mutoto yangu, na leo tena sitaelewa hata kitu?" Nikamwahidi ataelewa, na kosa ndilo hilo.

Kazi yangu ilihusu involushoni: chukua umbo lenye pande zisizo na mwisho, kila pointi uirushe ng'ambo ya kitovu, ukirudia, kila kitu kinarudi kilipokuwa, na pointi isiyohama ni moja tu, kitovu chenyewe. Basi nikaliomba benchi la mbele, watu saba nilivyowahesabu, wa kwanza abadilishane nafasi na wa mwisho, wa pili na anayemtangulia wa mwisho, hivyo hivyo hadi katikati, "na mtaona mmoja atabaki amekaa." Niliyasema hayo kwa majivuno, mkono mfukoni.

Wakainuka wote. Kumbe Shangazi Esperansi alichelewa, akajibana hapo baada ya mimi kuhesabu, na kwetu benchi halijai, watu husogea tu, wakawa wanane, hakuna tena wa katikati, na mimi bingwa wa visivyo na mwisho nikawa nimeshindwa kuhesabu hadi nane. Wajomba wanagongana matumbo, imvutano zinakanyagwa, na rais wa juri anavua miwani taratibu.

"Kijana, hii pointi yako iko wapi?"

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi, nikaanza kuhesabu vichwa upya.

Ndipo Mama, aliyekuwa amebadilishana na Shangazi pale katikati, akasema polepole, "Mi naona sakoshi yangu haijatoka."

Kweli, mkoba wake ulikuwa palepale, kati yake na Shangazi, kama alivyouweka. Kitovu kilikuwepo muda wote, ila hakikukaliwa na mtu.

"Bon," rais akasema, "mama amejibu. Endelea."

Nikaendelea, nikapita, nikashusha pumzi niliyoishika tangu chai ya asubuhi, nikalia kidogo (kidogo tu). Tangu siku hiyo sifundishi kitu kabla sijahesabu watu mara mbili. Na Mama kila mgeni anamwambia, "Masta ile tuliipata sisi wawili." Sijawahi kumbishia.