Watoto wa Mama Yangu

Msimu wa pamba ulipofika Homa Bay, king'ora cha jioni hakikumaliza kazi kiwandani. Malori yalikuwa bado kwenye foleni nje, na nyapara alipita kati ya mashine akichagua watu wa kubaki. Mimi nilibaki kila mara. Baba na mama walikuwa wametangulia, nami mkubwa wao niliacha shule mapema ili wadogo zangu wanne wasiiache. Saa za jioni ndizo zilizokuwa karo ya dada anayenifuata, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kule kwetu Rangwe.

Mkaguzi wa kazi alikuwa amekuja akaamuru ovataimu ilipwe zaidi ya saa za kawaida. Tulifurahi. Hakuna aliyetuambia kwamba kodi ya kichwa, ambayo wazee waliiita osuru, ilikwenda kwa ngazi za kipato, na kwamba ovataimu ilijumlishwa na mshahara. Katikati ya msimu karani wa mishahara aliniambia nimepanda ngazi. Nilidhani ananipongeza. Kumbe kodi ya ngazi mpya ilimeza karibu yote niliyopata baada ya king'ora, na ilikuwa imeshakatwa. Nilipolalamika alisema sheria si yake, niende kwa chifu. Kwa chifu nikaambiwa hesabu ni ya mwajiri.

Rafiki yangu aliyepaka mashine mafuta alinieleza kwamba kuna kamati ya msamaha, inayowapunguzia kodi wenye mzigo wa watoto.

"Sema uko na wanne," aliniambia. "Nani atakuja kuwahesabu meno?"

Nilikwenda. Karani wa kamati alikuwa Mkuria wa upande wa Migori, kwa hiyo tulisema Kiswahili badala ya lugha ya kwetu. Kando yake alikaa jaduong', mzee wa kata yetu, aliyemjua baba yangu vizuri.

"Mke?"

"Sina."

"Watoto?"

"Niko na ndugu wanne. Mimi ndiye ninawalea."

"Hapa tunauliza watoto." Hakuwa mtu mbaya. Aliizungusha kalamu kidogo. "Si wewe unawalisha? Basi ni wako. Sema ni wako niandike, uende nyumbani."

Ulimi ulikataa. Kwetu mwanamume hatamki kwamba aliyezaliwa na mama yake ni mtoto wake. Ni kujiweka kitandani pa baba, na kusema juu ya mama jambo lisilosemwa hata kwa mzaha, sembuse akiwa kaburini. Nilimtazama jaduong'. Yeye alitazama fimbo yake.

"Ni watoto wa mama yangu," nilisema. "Siwezi kusema ni wangu."

"Kwa nini?"

"Usimuulize hilo, karani," alisema jaduong'.

Hapo ndipo nilipochomwa moyoni. Mzee alijua kwa nini siwezi. Angeweza kueleza kwamba huyu amesimama mahali pa baba yake, na karani angeelewa. Aliilinda heshima ya mama yangu, akawaacha watoto wa mama huyo huyo. Karani alimwita mwingine.

Dada yangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alichota maji, akapika, akasoma kitabu kimoja tena na tena bila kuniuliza neno. Angeuliza, ningekuwa na wa kumfokea.

Nilirudi kwa nyapara. Ngazi ilikuwa imeshapandwa. Mwaka ule nisingeshuka hata nikilala nyumbani. Kodi ya ngazi ile ilikuwa moja, nifanye saa chache au nyingi, na ngazi ya juu yake ilikuwa bado mbali. Basi nikaomba kila jioni iliyobaki, na Jumapili pia.

"Osuru imekuchapa, na bado unaifuata?" aliuliza yule rafiki yangu wa kupaka mashine mafuta.

"Imeshakula," nilimjibu. "Sasa ni zamu ya wale watoto."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilibeba marobota mpaka msimu ukaisha, na kanisani hawakuniona. Muhula wa mwisho dada alirudi darasani, sare ikiwa imefumuliwa pindo kwa sababu alikuwa amerefuka akiwa nyumbani. Jaduong' alinisalimia njiani asubuhi dada aliporudi shule. Nilimwitikia, kwa kuwa ni mzee, nikapita.