Marahaba Isiposikika

Wageni wakija ofisini kwetu Masasi, tunawaonyesha fundi wetu wa kompyuta kabla ya ghala la korosho. Ni mwanamama anayeongea chini chini, na waya wowote aukutao sakafuni huukunja kwa upole kama kanga. Anatunza kompyuta mbili zinazompokea kila anayepiga hodi kwenye mtandao wa mnada na kumwelekeza ndani. Anaziita Bibi na Mjukuu. "Bibi ndiye mwenye kiti cha mlangoni," husema. "Mjukuu anamwamkia kutwa nzima. Asiposikia marahaba, anakikalia yeye."

Siku ya mnada, wakulima wa Newala na Lisekese wamezikodolea macho simu zao, fundi aliingia chumba cha kompyuta, akamwambia mwenyekiti wa ushirika aliyekaa kando ya Bibi na Mjukuu, "Shikamoo, baba," kisha akachomoa waya wa Bibi.

"Mama, umetuua!" Mwenyekiti aliruka kutoka kitini. Feni ya Bibi ikanyamaza. Kwenye simu zetu bei zikaendelea kupanda, hazikukwama hata kidogo.

Fundi akaukunja waya. "Baba, nilikuamkia, hujaitikia."

Mwenyekiti akakitazama kiti chake kilicho wazi. "Marahaba, mwanangu, marahaba!" akasema, akawahi kukaa.