Ngoma Isiyopashwa Moto

Juzi nilirudi Miyuji, mtaa tuliokulia, kusuka nywele, maana kwingine wananivuta kichwa kama wanang'oa muhogo. Msusi akaweka albamu mpya ya ile bendi ya roki iliyokuwa ikifanyia mazoezi jirani na kwetu, vijana wa enzi hizo, wazee sasa. Nikatega sikio nisikie magitaa yao ya fujo. Hayakuja. Ilikuja ngoma ya muheme, ngoma ya jadi ya kwetu, nzito, ya taratibu, na gitaa likiifuata kwa mbali. Msusi akasema wazee wamebadilika, wametulia, na huyo mama anayepiga ngoma anaijua kazi. Huyo mama ni dada yangu. Nilikaa pale kichwa kimeshikwa, wivu umenikaba, pa kukimbilia sina.

Wewe hukukulia kwetu, kwa hiyo nikusimulie. Muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikibanwa mapajani. Bibi yetu alikuwa mpigaji wa kuitwa hata huko mbali Bahi, kwenye harusi na sherehe za jando. Jioni za baada ya mavuno, tukishakula ugali wa uwele na mlenda, alitoa ngoma mbili uani, moja yake na moja ya dada. Mimi aliniangalia mikono, akasema, "Wewe kaa na moto."

Ngozi ya ngoma ikipoa hulegea, ikasema kwa ndani kama mtu mwenye mafua. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mabua ya uwele, kuigeuzageuza ngoma karibu na mwali, kuigonga kwa kidole, kusikiliza, na kuirudisha tena mpaka ikaze. Ukizidisha, inapasuka. Moshi ulinitoa machozi. Ngoma ikishaanza kulia vizuri, naikabidhi kwa dada, naye ndiye anayepigiwa vigelegele. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilitunzwa majivu.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa, jirani mpiga gitaa na wenzake waliwasha spika zao. Bibi hakuwapenda hata kidogo. Alisema ni kelele za kuangusha masufuria. Basi mimi nikawapenda kwa makusudi. Nilijibanza kwenye minyaa nikijiambia kwamba dada ana ngoma, mimi nina magitaa. Unaona sasa kwa nini albamu hii imeniuma? Dada amevuka ua, amenichukulia hata hao.

Nilipotoka saluni nikampigia simu. Shikamoo yangu ilikuwa fupi. Nilimwambia nimemsikia, na kabla hajashukuru nikaongeza kwamba ngoma yake imelegea. Na kweli ilikuwa imelegea. Nililijua hilo tangu pigo la kwanza. Hiyo sauti mpya wanayoisifia bendi ni ngozi baridi tu. Nilitaka maneno yale yamchome.



"Studio hawaruhusu moto, mdogo wangu," akasema. "Tuliianika juani, haikukaza. Na hata wangeruhusu, ningefanyaje? Bibi hakuniachia nishike moto hata siku moja. Nikimwomba ananifukuza, anasema huo ni wako wewe."

Miaka yote ile nilidhani nimewekwa motoni kwa sababu sifai kwingine.

Siku hizi Miyuji huoni bua la uwele. Mashamba yamekuwa viwanja, viwanja vimekuwa nyumba, na pale penye minyaa pana ukuta wa tofali. Bibi hayupo wa kuulizwa. Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Dada bado ndiye anayesikika, mimi sisikiki. Lakini nikiiweka ile albamu nyumbani, ngoma inapoingia, mikono yangu huanza yenyewe kugeuza kitu ambacho hakipo, ikikisogeza karibu na moto.