Aliyebisha Hodi

Mwaka wangu wa pili katika chuo kikuu cha Kyambogo nilisoma somo la maadili. Mtoto wa jicho alikuwa amemzuia baba kusoma magazeti, basi kila alasiri, nyumbani kwetu Bukoto, nilimsomea daftari langu. Baba ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake ni cha kambini. Kiingereza cha mhadhiri nilimfasiria papo hapo.

Siku nilipomsomea habari za Mwingereza aliyefundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta heri kwa watu wengi zaidi, baba alisikiliza akinywa chai yake. Kesho yake nikamfikia mwanafalsafa wa Ujerumani, aliyeshikilia kwamba wajibu ni wajibu, matokeo yawe yoyote. Hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako aliyejificha ndani, alisema, usimdanganye.

Baba akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa kwa hiyo mlango."

"Ulikuwa umejificha?"

"Hapana. Mimi ndiyo nilibisha hodi."

Alikuwa askari mpya, kule Lubaga, akimtafuta mtu aliyeshtakiwa kuiba cherehani ya mjane. Nyuma yake walisimama majirani wenye mawe na fimbo. Mwanamke alifungua, akasema mumewe amesafiri tangu jana. Baba aliona miguu ya mtu chini ya pazia la chumbani. Askari walikuwa wawili tu. Wasingeweza kumfikisha mtu yule kituoni akiwa hai. Akageuka, akawaambia watu, "Hayupo." Wakatawanyika wakinung'unika. Asubuhi alirudi na wenzake wengi, wakamkuta mtu wao anakunywa chai, wakamkamata.

"Kwa hiyo ulimwokoa," nikasema.

"Cherehani niliona pia, kwa kona, imefunikwa na shuka. Asubuhi haikuwa tena." Alipangusa macho, ambayo siku hizo yalimtoka machozi ovyo. "Yule mama mjane alikuwa anashona sare za shule. Watoto wanne. Akiniona sokoni, anapita upande ingine."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nikamuuliza kama angefanya vile tena.

"Ningesema hayupo. Lakini ningeacha mwenzangu alinde ile nyumba. Hiyo sikufikiria."

Kisa chake nikakifanya insha. Mhadhiri alinipa alama za wastani, akaandika pembeni kwamba nimemtetea askari kwa kurasa tatu, na mjane nimempa sentensi moja. Nilipomsomea baba maneno hayo, nilidhani yatamuudhi.

"Mwalimu yako anasema kweli," akasema.

Akaanza kunieleza habari za yule mama: alivyokuwa mrefu, alivyowapimia watoto wa mtaa mzima sare kwa kamba yenye mafundo, alivyohamia kwa dada yake baadaye. Jina lake alikuwa amelisahau, na jambo hilo lilimsumbua siku nzima.